Onyo la Dakika ya Tatu

Saa ilirudishwa kituoni ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni wa hospitali, ule wanaotilia pete na meno ya bandia ya marehemu. Mtu wa hospitali alikuwa ameandika juu yake jina la Gwakisa kwa wino mzito, na hapo alikuwa amekosea, ingawa hakuna wa kumlaumu. Aliikuta mkononi mwa Gwakisa, akaona ni ya Gwakisa. Tusekile Mwaisumo aliigeuza mara moja tu aone mgongo wake. Namba kumi na saba. Yeye ndiye mtunza saa, yeye ndiye aliyezigawa zote thelathini na moja, kila mzamiaji na yake na sahihi yake, na namba kumi na saba haikuwa ya Gwakisa, mdogo wake. Ilikuwa ya mke wa mdogo wake.

Aliiweka mezani, akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa bila kuigusa. Nje mvua ya Aprili ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Isyeto karibu mwaka mzima, bila hasira, kwa mazoea tu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Walikuwa wamemzika Gwakisa siku tatu zilizopita, ng'ambo ya mlima, nyumbani kwa mama yao, na udongo mwekundu wa kule ulikuwa bado umeng'ang'ania soli za viatu vyake.

Watu wa mjini wakisikia kompyuta ya kuzamia hudhani ni mtambo wa kujaza chumba. Ni kitu cha kufunga mkononi, unene wake kama kipande cha sabuni, na Isyeto kila mtu anaiita saa, ingawa kusema wakati ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Kazi yake kubwa ni kukumbuka. Mzamiaji anaposhuka mita thelathini na nane kwenda kukwangua ukoga wa dawa kwenye miamba ya chini ya ziwa, nitrojeni iliyo katika hewa anayovuta humwingia damuni, kisha kwenye misuli, kisha kwenye mafuta na mifupa, na kuingia kwake ni haraka kuliko kutoka. Saa huhesabu imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, na iliyobaki imebaki wapi. Ikishajifunza mwili wa mtu, huwa haina habari na mwili mwingine.

Wapya Tusekile aliwafundisha kwa maharage. Aliwauliza kwa nini maharage ya Isyeto yanamaliza mzigo mzima wa kuni wakati ya Kyela yanaiva mtu akigeuka kukata kitunguu. Wote walijua ni kwa sababu ya mlima, ila hawakujua mlima unafanya nini. Basi aliwaambia kwamba hewa ni mfuniko. Kule chini mfuniko ni mzito, huku juu ni mwepesi, na sufuria yenye mfuniko mwepesi huchemka mapema, kabla moto haujawa mkali wa kuivisha kitu. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mzamiaji wa pwani akitoka majini anatokea chini ya mfuniko mzito, na nitrojeni iliyomo mwilini inatulia. Wa Isyeto anatokea kwenye hewa ya mita elfu mbili na mia moja, na ile nitrojeni inataka kutokota ndani ya mishipa. Kwa hiyo saa iliyopangwa kwa mwinuko wa pwani itamuua mtu wa huku, ikimwonyesha kijani mpaka mwisho. Na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mzamiaji aliyeruhusiwa kuvuka Mlima Nyambala, mita elfu mbili na mia nane, mpaka saa yake iseme vuka. Mguuni mwa mlima palikuwa na kizuizi cha chuma, na kizuizi hicho hakikumuuliza mtu chochote, kiliiuliza saa.

Gwakisa alifika kizuizini Jumamosi saa nane na nusu mchana. Kizuizi kikauliza, saa ikajibu kijani, chuma kikainuka. Alikuwa na pikipiki ya umeme ya kituo. Kabla hajafika kileleni mabega yalianza kumuuma, na alipofika kileleni miguu yake ilikuwa haimtii tena. Wapasua mbao waliomkuta kando ya barabara walidhani ameanguka, wakamteremsha upande wa pili hadi hospitali.

Hospitali ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa chumba cha kanieneo, lile tangi la chuma anamolazwa mzamiaji akabanwa na hewa nzito mpaka mapovu yaliyomo damuni yasinyae. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa Isyeto, hatua thelathini kutoka meza ya Tusekile, na kati yake na Gwakisa ulikuwa mlima ule ule uliomwumiza. Daktari alipiga simu akauliza, tumrudishe au abaki? Kumrudisha ilikuwa ni kumpandisha tena kileleni. Tusekile alijibu abaki, apewe oksijeni, na tangi la kubebeka lifuatwe mjini kwa njia ya bondeni. Lilikuwa jibu sahihi, kila aliyeulizwa baadaye alisema hivyo. Gwakisa alikata roho saa moja kasoro, tangi likiwa bado njiani, na tangu siku hiyo dada yake hajui usingizi una ladha gani.

Hatimaye aliiunganisha kwa waya na mtambo wa mezani, kioo kikawaka, na saa namba kumi na saba ikaanza kusimulia.

Siku tisa bila kuzama hata mara moja. Kisha Jumamosi, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, mita thelathini na nane, dakika ishirini na mbili. Wakati wa kupanda ilimpa mvaaji wake vituo viwili vifupi vya kusimama majini, inavyostahili mwili uliopumzika wiki nzima. Alipotoka ikampa saa saba tu za kungoja, kisha kijani. Lakini mwili uliokuwa ndani ya maji haukuwa umepumzika. Gwakisa alikuwa amezama siku tano mfululizo, mara mbili kwa siku, na yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye saa yake mwenyewe, namba kumi na sita, ambayo ilituma kumbukumbu zake kituoni kila jioni. Tusekile aliuomba mtambo uunganishe habari hizo mbili, siku tano za Gwakisa na hii asubuhi moja. Ukampa jibu mara moja. Vituo vya kusimama majini dakika arobaini na nne. Kuvuka mlima, baada ya saa thelathini.

Chini ya hapo palikuwa na mstari mmoja zaidi, wa maandishi madogo.

*Dakika ya tatu: mapigo si ya mwenye saa. Onyo limezimwa. Kufuli limezimwa. Aliyezima: T. Mwaisumo, mtunza saa.*

Aliusoma mara moja tu. Akakaa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

*

Ilikuwa Julai iliyopita. Saa hizo zilipoletwa zilikuwa na kipaji kimoja walichokisifu sana mafundi wa mjini: zilijifunza mapigo ya moyo ya mwenyewe pale kwenye kifundo cha mkono. Ukiivaa ya mwenzako, ikifika dakika ya tatu inapiga kelele, kioo kinakuwa chekundu, na ukitoka majini inajifunga kwa siku saba. Mafundi wa mjini, Mungu awape maisha marefu, hawakuwahi kutia mkono kwenye Ziwa Isyeto mwezi wa saba. Maji yanakuwa ya kuuma meno, mishipa ya mkono inajificha, na saa ikawa inawakataa hata wenyewe. Kwa wiki mbili wazamiaji kumi na mmoja walifungiwa. Huku hospitali za mijini zinapiga simu kila siku kuulizia ukoga, maana homa ya mapafu haikuwa inasubiri majira ya joto.

Wa kwanza kuja alikuwa Gwakisa. Alikuwa mtu wa kutania hata msibani, na siku hiyo aliegemea mlango akasema wasichana wamemkataa sana maishani mwake lakini kukataliwa na bangili ndiyo mara ya kwanza. "Dada, ninyamazishie," alisema. Akamkatalia. Wiki iliyofuata walikuja kumi na watano kwa pamoja. Alikwenda kwa mkuu wa kituo, Bwana Kasebele, naye akamwambia kwamba yeye ndiye fundi, afanye anavyoona, na hiyo ilikuwa ruhusa isiyo na jina la mtu. Basi Tusekile alikaa mchana mmoja akazinyamazisha zote thelathini na moja. Watunzaji wa vituo vingine vinne vya maziwa ya milimani walipopiga simu kuuliza amefanyaje, aliwafundisha, tena kwa fahari kidogo. Alikusudia kuliwasha onyo tena Septemba. Septemba ikafika, hakuna aliyelalamika, na jambo lisilo na mlalamikaji nani analikumbuka.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alijua. Fundi wa mjini angeweza kusema hakujua, yeye alizaliwa hapo. Isyeto kila nyumba ina misumari mlangoni, na kilichotundikwa msumarini ni cha nyumba. Anayetoka kwanza anachukua mwavuli wa kwanza, koti la kwanza, anaingiza miguu kwenye mabuti yaliyo karibu. Anayeuliza "hili la nani?" akiwa mlangoni anaonekana amelelewa hotelini. Tangu saa zije, nazo zilitundikwa misumarini. Mume na mke walizama pamoja, kina kile kile, dakika zile zile, kwa hiyo hata wakibadilishana saa zote mbili zilikuwa na hadithi moja. Hakuna aliyewahi kudhurika. Onyo la dakika ya tatu lilikuwepo kwa ajili ya siku moja tu ambayo hadithi hazingelingana, na yeye ndiye aliyeliziba mdomo.

Bwana Kasebele aliingia kabla ya adhuhuri, koti lake likichuruzika maji sakafuni. Alisoma kioo akiwa amesimama, akasoma tena, ndipo akavuta kiti. Alimkumbusha kwamba wakaguzi wanakuja Ijumaa. Alisema kumbukumbu za saa huharibika, hasa saa iliyolowa, na hakuna atakayeshangaa ikiwa hii nayo imeharibika. Alizungumzia kituo, akazungumzia familia thelathini zinazoishi kwa ziwa hili, na Tusekile alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja mpaka alipofika panapouma.

"Ikisomwa hii, watatamka mbele za watu kwamba Gwakisa alikufa kwa saa ya mkewe. Subilaga atalibeba hilo mpaka kaburini. Ni mjane wa siku nne, dada Tuse. Funika kombe mwanaharamu apite."

Tusekile alimuuliza anamwogopea nani, Subilaga au nafsi yake. Kasebele alifuta uso kwa kiganja akajibu kwamba anawaogopea wote, hata yeye Tusekile. Ilikuwa vigumu kumchukia mtu anayejibu hivyo.

Tusekile alimwambia kuna vituo vinne huko milimani ambavyo onyo limezimwa kwa mafundisho yake. Kasebele alikuwa ameshalifikiria hilo: awapigie tu awaambie waliwashe, hakuna haja ya kutoa sababu. Tusekile akapiga simu hapo hapo, Kasebele akimsikiliza. Watatu walikubali kwa heshima ya umri wake. Wa nne, mtunzaji kijana wa ziwa la kaskazini, alimuuliza kwa adabu kabisa kwa nini. Baridi inakaribia, alisema, nikiliwasha sasa Julai nitalizima tena, si bora niliache? Tusekile akasema atampigia baadaye.

Kasebele alipoondoka aliacha kioo kikiwa wazi, na kidirisha cha kufuta kumbukumbu kikiwa kimeshafunguliwa. Kilikuwa na maneno mawili tu, futa na ghairi.

*

Subilaga alikuja saa tisa alasiri. Mjane hatakiwi kutoka nyumba ya matanga kabla ya siku saba, lakini alikuja, peke yake, kwa miguu, kanga imemlowa kichwani. Tusekile aliinuka kumpokea, akamvua kanga ile akamfunika koti la sufu la wazamiaji, akamkalisha kwenye benchi karibu na jiko. Walikuwa wifi wanaopendana, na hiyo si kawaida ya mawifi, watu waliisema sana. Walizoea kusengenyana kuhusu Gwakisa mbele yake mwenyewe.

Subilaga alitazama mezani akaiona saa, akatazama pembeni.

"Ya kwake iko nyumbani," alisema. "Nimeikuta msumarini leo asubuhi, imezima. Hakukuwa na jua wiki ile, haikupata chaji."

Tusekile alisema anajua.

"Basi alivaa ya kwangu. Nilimfunga mimi, wifi. Alikuwa na haraka, mkono mmoja ameshika chai, nikaichukua msumarini nikamfunga. Tumebadilishana mara ngapi sisi? Hata siku moja haikuleta neno." Alielekeza kidevu kwenye saa. "Nimekuja unisomee."

Kioo kilikuwa kimemgeukia Tusekile. Subilaga kutoka alipokaa aliona mgongo wa mtambo tu. Kidole kimoja, mguso mmoja, na angeweza kumwambia bila kupepesa macho kwamba maji yameingia, hakuna kinachosomeka. Mtu huyu angerudi matangani akiwa na shaka, na shaka huchakaa. Uhakika hauchakai. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulielewa, na alitaka kulielewa kwanza. Alimuuliza kwa nini hakuzama siku tisa. Kila wiki walizama pamoja yeye na mumewe, wiki ile Gwakisa alishuka na watu wengine.

Subilaga alikuwa anakunja na kukunjua pindo la koti.

"Nina mimba, wifi. Mwezi wa tatu."

Wawili wa kwanza walitoka. Hilo Tusekile alilijua, yeye ndiye aliyewazika chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba, wakiwa hata hawajapata majina. Huyu wa tatu walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu mpaka avuke miezi ile ya hatari. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Gwakisa alikuwa anavuka mlima kwenda kumwambia mama yake. Kwa simu alikataa. Alisema habari hii mama ataipokea akiwa ameshikwa mkono.

Tusekile alimkumbuka mama yao siku ya mazishi. Alikuwa amekaa chini kando ya jeneza, anauliza kila anayempa mkono, mwanangu alikuwa anakuja kufanya nini huku siku ya kazi? Hakuna aliyeweza kumjibu. Mdogo wake alikuwa anapanda mlima na furaha, hilo Tusekile hakulijua, na sasa alilijua, na lilikuwa baya kuliko yote aliyoyasoma kwenye kioo.

Na huyu aliyekaa mbele yake alikuwa na mimba ya tatu, changa. Wakunga wangesema nini? Wangesema mnyamazie. Mama mwenyewe angesema mnyamazie. Kila mwenye busara aliyemfahamu, wazima na wafu, angemwambia aguse neno lile la kwanza, amwache mtoto akue ndani ya tumbo lenye amani. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Alikitazama kama ni cha mtu mwingine. Akajiuliza swali lile alilomuuliza Kasebele, anamwogopea nani, akaona kwamba akifuta mstari wa saa ya Subilaga anaufuta na ule wa jina lake mwenyewe, na kwamba hataweza kamwe, mpaka anakufa, kujua aliufuta kwa ajili ya upi.

Akagusa ghairi. Akageuza mtambo.

"Soma mwenyewe," alisema. "Mimi nitakueleza."

Alimweleza pole pole, tangu siku tisa zile mpaka kijani cha kizuizini. Subilaga alikuwa mzamiaji wa miaka minane, hakuhitaji maharage wala mifuniko. Alipofika kwenye vituo vile viwili vifupi vya kusimama majini aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameshaelewa. Tusekile aliona jambo lile likimwingia, lile lile Kasebele alilolitaja, na akaharakisha kabla halijakaa.

"Usisimame hapo. Soma mstari wa mwisho."

Subilaga aliusoma. Midomo yake ilitembea na maneno hadi kwenye jina.

"Saa ilijua," Tusekile alisema. "Ilijua dakika ya tatu kwamba huyu si wewe. Ilitaka kumwambia. Mimi niliizima Julai, hii na zote, na sikumwambia mtu kwamba nimesahau kuziwasha. Wewe ulimfunga mumeo kitu cha nyumba, kama kila mtu anavyofanya hapa. Niliyeua ni mimi."

Alikuwa amedhani neno hilo likitoka atalia. Hakulia. Moto wa jiko ulikuwa unalia peke yake, kuni mbichi, na mvua juu ya bati. Subilaga alibaki anatazama jina lile kwenye kioo kana kwamba analikuta kwa mara ya kwanza.

"Linaliaje?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Hilo onyo. Nataka kulisikia."

Tusekile aliliwasha. Kisha akaiamuru saa ilie. Kilikuwa kilio kidogo, chembamba, kisichokoma, mtu angeweza kukifunika kwa mto akaendelea kulala. Lakini chini ya maji sauti husafiri kuliko hewani, na wote wawili walijua hivyo. Subilaga alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kwa muda mrefu, mpaka Tusekile akanyoosha mkono kuizima, naye akamzuia.

"Angeisikia," Subilaga alisema.

"Angeisikia."

"Angepanda."

"Angepanda, akanitukana, akaja nyumbani."

Ndipo Subilaga akaizima mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Nani alikuomba uzizime?"

"Wengi."

"Gwakisa alikuwemo?"

Hapa palikuwa na nafasi ya huruma, ndogo, ya neno moja, na hakuna mkaguzi ambaye angekuja kuichungulia. Tusekile aliiona. Angeweza kumwachia mjane mume asiye na doa. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli na aligundua kwamba ukishaanza huwezi kuchagua vipande.

"Alikuwa wa kwanza," alisema.

Subilaga akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka bila kupenda, kile kile alichokuwa akimcheka nacho Gwakisa mezani. "Ndiye huyo," alisema. "Hata chai hakuweza kuingoja ipoe." Kisha kicheko kikageuka, akajikunja juu ya magoti yake akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia siku zote nne mbele ya wageni. Tusekile hakumgusa. Alitamani kumgusa kuliko kitu chochote duniani, na akajua kwamba hana tena haki hiyo, kwa hiyo akakaa na mikono yake mapajani akamngoja.

Alipotulia, Tusekile alimwonyesha kwamba anaituma kumbukumbu yote kwa wakaguzi, bila kukata kitu. Subilaga alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa mvua bado inanyesha. Alivua koti la sufu, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi. Akajifunga kanga yake iliyolowa. Saa namba kumi na saba hakuichukua.

"Usije nyumbani kwangu, wifi," alisema. Hakukuwa na ukali, alisema kama anayetoa maelekezo ya njia. "Mama nitamwambia mwenyewe habari ya mimba, nitavuka Jumatatu, mimi sina nitrojeni ya kungoja. Wewe usije. Sijui mpaka lini."

Tusekile alisema amesikia.

Subilaga alifungua mlango, baridi ikaingia. Alisimama hapo, mgongo umemgeukia Tusekile, mkono mmoja umeshika fremu na mwingine uko chini ya kanga, tumboni.

"Lakini huyu atauliza," alisema. "Watoto wanauliza. Mimi nitamwambia baba yake alikuwa mtu wa namna gani, nitaishia hapo, zaidi ya hapo sitaweza. Haya mengine yote utamwambia wewe. Wewe ndiye shangazi yake."

Tusekile alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mtoto angezaliwa Oktoba, angeanza kuuliza akifika miaka mitano, labda sita. Angekuwa na macho ya nani? Alimwona amesimama mlangoni pale pale, mdogo, anasubiri kujibiwa.

"Nitamwambia," alisema.

"Yote."

"Yote, wifi."

Subilaga akatoka mvuani. Tusekile alimtazama mpaka alipopotea kwenye mteremko wa ziwa, kisha akachukua simu akampigia yule kijana wa kaskazini aliyetaka kujua sababu. Kijana alipokea mara moja. Tusekile alifungua mdomo aanze, akakuta hajui pa kuanzia, akamwomba amngoje kidogo.